Kiongozi wa Matembezi ya Duara

Jumapili, 24 Aprili 2016

Leo kanisani nimemwona mwanamke nitakayemwoa. Yeye bado hajui.

Anaitwa Generoza. Amekuja jana kwa basi kutoka Buffalo kumtembelea shangazi yake, mama Angelika, hapa hapa Whitehall, jengo la pili kutoka letu. Anarudi Jumatatu, tarehe mbili Mei. Ana mwanya. Ana kicheko kinachoanzia tumboni. Huko Buffalo anahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na kwenye kwaya anaimba sauti ya pili.

Baada ya ibada tulikunywa chai kwa mama Angelika. Nilijipenyeza. Nilibeba viti ambavyo hakuna aliyeniomba nivibebe. Cubaka naye alikuwepo, bila shaka! Penye chai hakosekani. Huyu Cubaka ni Mkongo wa Bukavu, tunafanya kazi ghala moja. Mimi napakia maboksi, yeye anaendesha foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, na tangu alipopanda hiyo foklifti kichwa chake hakijashuka. Ana Toyota ya rangi ya fedha. Anaifuta kwa kitambaa cha kufutia miwani.

Mama Angelika hana siri. Alisema mbele ya wote kwamba wanaume wawili wameshamsimamisha binti wa kaka yake mlangoni pa kanisa, na ibada haikuwa hata imekwisha. Akasema kabla binti hajapanda basi, yeye mwenyewe atatamka ni nani anayeruhusiwa kuleta wazee wabishe hodi. Mmoja. Au hakuna.

Wanaume wawili: mimi na Cubaka. Nilitazama ndani ya kikombe.

Kisha Generoza akasema yeye hupenda kutembea. Kila Jumamosi hutembea bustanini, aondoe harufu ya dawa puani. Akauliza huku kwetu watu hutembea wapi. Cubaka akacheka, akachanganya Kifaransa chake, akasema donc, huku hatutembeake, huku tunaendesha.

Hapo mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikasema mimi ni kiongozi wa matembezi. Nikasema nilipokuwa Louisville, kila majira ya machipuko, niliongoza vikundi msituni, nikiwaeleza watu maua, miti na historia ya mahali. Nikasema Wazungu walikuwa wakilia kwa furaha.

Ukweli ni kwamba Louisville nilikuwa naosha masufuria ya hoteli. Msitu niliuona kwa dirisha la basi.

Generoza akanitazama. Kwa mara ya kwanza! Akasema basi, kaka Methodi, Jumamosi utuongoze.

Mungu yupo.


Jumatatu, 25 Aprili

Baada ya kazi nilimwomba Gaudiosi anipeleke kwenye msitu ulio mashariki ya mji. Gaudiosi tunapanga chumba kimoja. Ana gari bovu na ulimi mzima. Mvua ilikuwa inamwagwa kwa ndoo. Alikataa kushuka.

Nilifika mpaka kwenye ubao mkubwa hapo wanapoegesha magari. Kumbe njia yenyewe ni duara! Unaanzia kwenye ubao, unazunguka msitu mzima, unarudi kwenye ubao. Nilirudi garini kumweleza Gaudiosi. Akaniuliza unazunguka ili iweje. Akasema kule kwenye kambi ya wakimbizi tulikokulia mtu akienda porini alirudi na kuni, au uyoga, au walau sungura. Mtu anayekwenda porini akarudi pale pale alipoanzia, mikono mitupu, huyo amefukuzwa au amerukwa na akili. Nikamwambia Wamarekani wanaita hiyo kupumzika. Akasema yeye anapumzikia kitandani.

Ubaoni kuna vituo vinne vya historia. Cha kwanza, nyumba ya familia ya kwanza kuhamia hapa. Cha pili, kinu cha maji. Cha tatu, makaburi. Cha nne, shule. Nilipiga picha kwa simu.

Njia yenyewe sikuitembea. Mvua, viatu, njaa. Halafu duara ni duara, ukiona linapoanzia umeshaona linapoishia.


Jumanne, 26 Aprili

Nasoma. Kiingereza cha ule ubao ni cha babu zao. Nusu nimekielewa. Nusu nyingine nimeitunga, na kwa kweli nusu yangu ni nzuri zaidi. Mke wa yule mwenyeji wa kwanza nimempa jina Margareti. Nimempa watoto tisa. Mmoja ameliwa na dubu.

Nimekariri kwa mpangilio kama Baba Yetu: nyumba, kinu, makaburi, shule. Nyumba, kinu, makaburi, shule. Nilikariri huku napakia. Bosi akaniuliza kama ninaumwa.

Jioni habari mbaya. Mama Angelika amemwalika Cubaka. Eti kwa sababu ya gari! Mchungaji Sebineza naye anakuja, ili mambo yawe ya heshima. Basi imekuwa mkutano wa hadhara.


Jumatano, 27 Aprili

Nimepata dawa ya Cubaka.

Wakati wa chakula nilikaa karibu naye, nikamwambia kwa siri, kama ndugu, kwamba njia ile inapita makaburini. Nikamwambia kwa desturi ya hapa, matembezi ya namna hiyo mtu huvaa suti kamili na viatu vya kung'aa. Ukienda na jinzi, ni kuwatukana marehemu wa watu. Na msitu ule, baada ya mvua hii, ni tope tupu! Namwona kabisa akiteleza na suti yake, chali, miguu juu, mbele ya Generoza.

Cubaka aliweka mkono moyoni. Akasema bon, ndugu yangu, kuvaa haina shida, shida ni kuchagua. Akanishukuru. Akanimegea nusu ya chapati yake.

Nilikula. Nikamwonea huruma kidogo. Ikapita nilipomaliza kutafuna.


Ijumaa, 29 Aprili

Jana mvua. Leo jua. Nimetengeneza jambo kubwa.

Nilitoka kazini mapema (nilisingizia jino), Gaudiosi akanipeleka. Kutoka kwenye ubao, njia ya kulia, unaingia kwenye miti, mara unakuta njia panda. Pana mshale wa mbao kwenye nguzo. Upande mmoja njia inaendelea vizuri. Upande mwingine inashuka kwenye bwawa la matope. Ule mshale umelegea msumari. Ukiusukuma kwa kidole unageuka.

Nikausukuma.

Mpango ni huu. Kesho tunafika njia panda. Cubaka, mtaalamu wa foklifti, anafuata mshale. Wanawake wanamfuata. Viatu vinazama. Kilio! Hapo natokea mimi, mtulivu, nasema jamani mmepotea, nifuateni. Nampa Generoza mkono. Nani atakayekumbuka Toyota?

Gaudiosi aliniuliza kama sioni aibu. Nikamwambia aibu haijawahi kumwoza mtu.


Jumamosi, 30 Aprili

Nimerudi. Nimeoga. Tope bado limo sikioni.

Nianze mwanzo. Asubuhi ilikuwa nzuri kupita kiasi. Ndege wa kifua chekundu wanarukaruka, miti imetoa maua ya zambarau kwenye matawi matupu, chini maua meupe yametandazwa kama nguo za kuanika. Tulikusanyika kwenye ubao, mimi nimeletwa na Gaudiosi. Cubaka akashuka garini.

Salaale! Suti ya rangi ya chungwa. Viatu vyeupe. Leso mfukoni. Nikangoja kicheko. Mama Angelika akapiga vigelegele. Generoza akaomba picha naye. Mzungu mmoja mpita njia mwenye mbwa akaomba picha naye. Hata mbwa alikaa vizuri.

Mama Angelika naye alikuja na kamba kiunoni na gunia tupu kichwani. Nikamweleza kwa adabu zote kwamba matembezi haya ni ya kutazama tu. Alinitazama kama niliyemwambia aende sokoni akanuse. Akasema tangu azaliwe hajatoka porini mikono mitupu, na hataanza leo kwa sababu ya Methodi.

Mchungaji akaomba. Mchungaji Sebineza akiombea safari huombea mpaka matairi. Nilifumba macho kwa unyenyekevu mkubwa. Nilipofumbua, Cubaka na wanawake walishaondoka. Na walishika njia ya kushoto!

Kushoto! Mimi nimesomea kulia! Nikakimbia, nikawaambia hapana, jamani, ni kule. Mama Angelika akauliza, si umesema ni duara? Sasa tofauti iko wapi? Nikajikaza. Nikajiambia historia ni historia, itajipanga yenyewe.

Na kweli, baada ya kutembea kidogo tukakuta kijumba cha mbao kimesimama peke yake kati ya miti. Nyumba! Nilishusha pumzi. Nikapanda kwenye gogo, nikaanza. Nikasema hapa ndipo alipoishi mwenyeji wa kwanza na mkewe Margareti na watoto tisa. Majira yote ya baridi walijifungia humu, wanapika humu, wanalala humu, wanamwimbia Mungu humu. Mchungaji akavua kofia. Nilipofika kwa dubu, Generoza akafungua mlango.

Ndani mlikuwa na benchi, na katikati ya benchi tundu la mviringo.

Gaudiosi, yule msaliti, akauliza tundu lile ni la nini. Nikasema hapo Margareti alihifadhi viazi. Generoza akageukia miti. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nikadhani analia kwa ajili ya yule mtoto aliyeliwa na dubu. Mama Angelika akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye viazi vya nyumba hiyo asingekula.

Baadaye nimeambiwa: shule iliungua zamani, na kilichobaki ni choo chake. Ubao ulisema. Ilikuwa kwenye ile nusu niliyotunga.

Tukaendelea. Niliwaonyesha maua, nikayapa majina kwa kadiri yalivyokuja. Kisha tukafika penye mawe, mengine yamesimama, mengine yamelala, majani yameota katikati. Kituo cha pili, nikasema moyoni. Kinu. Nikanyoosha mkono. Nikasema hapa watu walileta magunia kutoka kila kijiji, yakamiminwa juu, jiwe likazunguka, na unga ukatokea chini, mweupe, laini. Nikasema mpaka leo ukichimba kidogo utaukuta.

Mchungaji alikuwa ameinama kwenye jiwe moja, anafuatisha maandishi kwa kidole. Akasema hapa pameandikwa, amelala katika Bwana.

Cubaka akarekebisha tai, akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa. Alionekana kama mwenye msiba! Akasema bon, Methodi alinizuia nisije na jinzi, Mungu amubariki. Generoza alikwenda mbio nyuma ya mti, kiganja mdomoni. Mama Angelika akanishika mkono akaniuliza polepole kama asubuhi nilikula.

Hapo ndipo nilipoelewa. Duara lilikuwa linakwenda kinyumenyume. Nikaacha kueleza vituo.

Mama Angelika alikuwa na shughuli yake. Aliona majani kando ya njia, mengi ajabu, yenye vijiua vyeupe. Akasugua moja, akanusa, akasema linanukia kitunguu saumu. Akavua viatu akaanza kung'oa. Nikaona matembezi yangu yanageuka shamba. Nikasema kwa sauti ya kiongozi kwamba majani hayo ni sumu, ng'ombe mmoja wa Margareti alikula jani moja akafa. Mama Angelika akatafuna jani mbele yangu. Akangoja. Akasema ng'ombe huyo alikuwa na ugonjwa mwingine.

Basi wote wakaingia. Cubaka alitundika koti lake kwenye tawi. Mchungaji akakunja mikono ya shati. Gunia likajaa. Kisha Generoza akaona matawi makavu yaliyoanguka, na shangazi yake akafungua kamba kiunoni, na kabla sijasema neno kulikuwa na mzigo wa kuni umefungwa vizuri, wa kujitwisha. Mwenyewe nilishika upande mmoja wa kamba. Mikono ilikumbuka. Tulicheka, tukaimba. Kwa muda ule mdogo nilisahau kabisa kwamba nina mashindano. Cubaka akavaa koti lake, tukasema sasa twende.

Ndipo akatokea bwana misitu.

Nguo za kaki, kofia pana, redio kiunoni.

Hapa sitaki utani. Sisi wote tumekulia kambini, isipokuwa Cubaka, ambaye alikuwa mkimbizi wa mjini. Kambini kuni zilikuwa nje ya mpaka, na nje ya mpaka alikuwa askari. Mama Angelika ana kovu mkononi alilopewa siku ya kuni. Mtu kama huyo akiona kaki porini, miguu haimwombi ruhusa. Mzigo ukaanguka, na njia nzima ikabaki tupu. Mchungaji nyuma ya gogo. Gaudiosi kwenye shimo. Miaka yote hii Marekani, kodi tunalipa, na bado tulilala chini kama watoto! Nilikimbia kuliko wote. Nilijitupa kwenye majani yanayofanana na miavuli midogo, uso udongoni, vidole masikioni. Niliona hasira na aibu. Sikuthubutu kuinua kichwa.

Njiani alibaki Cubaka tu. Na suti ya rangi ya chungwa utaificha wapi?

Yaliyofuata amenieleza Gaudiosi. Yule bwana alimsalimia Cubaka, akasifu suti. Akaona gunia. Akasema majani yale ni adui wa msitu, yanasonga kila kitu, wamechoka kuwaomba watu waje kuyang'oa, tafadhali chukueni yote na mlete na wenzenu. Kuni tu ziachwe, wadudu na ndege wanazihitaji. Watu wakaanza kuibuka mmoja mmoja, majani kichwani. Mama Angelika alitoka mwisho. Yule mtu wa kaki alimsaidia kujitwisha gunia. Alimsaidia kwa mikono miwili! Mama Angelika akafuta macho, akasema ni vumbi la maua.

Mimi nilikuwa bado nimeziba masikio. Alikuja Generoza kunigusa bega. Hakunicheka kwa hilo. Alinifuta udongo kwenye paji la uso kwa kanga yake, akasema amekwenda, kaka, inuka.

Ningeishia hapo! Ningerudi nyumbani nimeshika mkono wake, ningekuwa mume wa mtu!

Lakini tukapita kinu na nyumba bila maelezo yangu, tukaukaribia mwisho wa njia, na mbele yetu ile njia panda. Na mshale wangu. Nikaamka upya. Kutoka upande huu sikutambua njia ipi inashuka bwawani, lakini nilijua mshale ule ni mwongo, nimeugeuza mwenyewe! Nikajitupa mbele, nikanyoosha mikono, nikasema simameni, msiuamini mshale huu, jicho la kiongozi linaona, nifuateni mimi. Generoza akaniuliza nina uhakika. Nikasema kama ninavyolijua jina langu. Nikaondoka kwa mwendo wa kiongozi bila kugeuka nyuma.

Nilipogeuka nilikuwa nimezama mpaka mapajani. Wenzangu wote walikuwa bado wamesimama njia panda, wananitazama. Hakuna hata mmoja aliyenifuata.

Walinivuta kwa kamba ya kuni. Cubaka alivua viatu vyake vyeupe, akakunja suruali, akaingia kwenye tope kunifunga kiunoni. Hakuteleza. Hata kidogo! Kiatu changu cha kushoto kimebaki huko.

Generoza aliniuliza swali moja tu. Nilijuaje kwamba ule mshale uligeuzwa? Kwa sababu bwana misitu, nilipokuwa nimeziba masikio, aliwaambia wote. Mtu aliugeuza jana. Jioni ile mzee mmoja na mkewe walikwama kwenye tope lile mpaka akaenda kuwatoa, na leo asubuhi ameurudisha sawa.

Nikasema kiongozi huhisi. Hakucheka. Akasema wazee wale ni wa umri wa wale anaowaogesha kila siku. Akaingia garini, mlango ukafungwa.

Nimejisikia vibaya. Kweli.


Jumapili, 1 Mei

Mchungaji amehubiri juu ya njia pana na njia nyembamba. Alinitazama mara nyingi kuliko inavyohitajika. Cubaka alikaa benchi moja na Generoza, suti ya bluu. Mama Angelika alileta sufuria la yale majani, ameyapika kwa karanga. Kanisa zima limelamba vidole.

Nilirudi nyumbani nikajilaza. Gaudiosi akaniambia mchimba shimo huingia mwenyewe. Nikamwambia hilo tunalijua, atafute jingine.

Mara mlango ukagongwa. Generoza! Ameshika funguo za gari ambalo shangazi yake ameazima kwa jirani. Hakuingia. Akasema vaa viatu, twende ukaseme. Nikauliza nikaseme nini. Akanitazama tu. Nikavaa viatu vya Gaudiosi.

Tulimkuta bwana misitu kwenye ubao. Miguu ilitaka kukimbia tena. Nikasema kwa Kiingereza changu kwamba mshale ni mimi. Nikasema nilitaka kumfurahisha mwanamke. Yule bwana akamtazama Generoza, akanitazama mimi, akauliza kama ilifaa. Nikasema hapana. Akanipa glavu na mifuko, akasema ning'oe yale majani mpaka atakapofunga lango.

Niling'oa. Mgongo! Generoza alikaa kwenye gogo. Kisha nikasikia kitu. Alikuwa anakitazama kile choo cha shule. Akasema viazi. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika tumbo, akasema huko Buffalo wiki nzima anahesabu vidonge na kubadilisha mashuka, na hakumbuki lini alicheka hivi. Akasema Margareti maskini. Akavaa glavu, akaingia kung'oa karibu yangu.

Hatukuzungumza mengi. Sikudanganya hata mara moja, labda kwa sababu ya kuchoka.


Jumatatu, 2 Mei

Siku ya hukumu. Cubaka ndiye aliyetupeleka kituo cha basi, bila shaka. Toyota imefutwa mpaka inaumiza macho. Mimi niliwekwa nyuma pamoja na begi na mfuko wa majani.

Mama Angelika alisema palepale, basi linanguruma. Akasema Cubaka ni kijana wa maana, anajua kuvaa, anajua kuendesha, hakumwacha mtu topeni. Nilianza kutafuta pa kujificha. Akasema lakini binti amesema kijana huyo ameshakamilika, hana anachohitaji isipokuwa kioo. Basi wazee watakaobisha hodi ni wa Methodi.

Methodi! Mimi! Nilitaka kumbeba mama Angelika. Sikuthubutu.

Cubaka alitazama viatu vyake. Iliuma, niliona. Kisha akanipa mkono, akasema bon, siku hiyo atanikopesha suti, sababu hivi nilivyo siwezi kutoka.

Lipo sharti moja. Generoza alinivuta pembeni mwenyewe. Akasema wazee watakwenda kwa kaka yake mkubwa, Anicet, anayekaa North Buffalo. Anicet atanipigia simu kesho. Anicet havumilii uongo hata wa kuchekesha. Nikisema neno moja lisilo kweli, moja tu, mlango umefungwa, na yeye hataufungua. Akasema mwambie kaka yangu ulivyo, Methodi. Kuosha masufuria si dhambi. Wewe ulivyo unanitosha.

Niliapa. Machozi yalinitoka, ya kweli. Basi likaondoka.

Mimi ni mtu mpya.


Jumanne, 3 Mei

Anicet amepiga simu. Sauti nzito. Nilisimama wima chumbani kama niko mbele yake.

Aliniuliza kazi, nikasema napakia maboksi. Ukweli! Akauliza Louisville nilifanya nini, nikasema masufuria. Ukweli! Akauliza habari ya mshale, nikamweleza yote, mpaka kiatu. Alicheka, akasema anapenda mtu wa namna hiyo, akasema naweza kuja na wazee mwisho wa mwezi. Nilikuwa nang'aa. Mambo yalikwisha. Ningeaga tu.

Kisha akasema kwa masikitiko kwamba kanisa lao lina shida. Mpiga kinanda wao amehamia Amherst, kwaya inaimba kavu, na Jumapili hiyo nitakapokuja kuna harambee na wageni wengi. Akanyamaza.

Kimya kile kilikuwa kirefu mno. Ningefanyaje? Mtu ananipa dada yake, mimi nikae tu kimya? Nikasema shemeji, usihangaike, mimi napiga.

Alipiga kelele za furaha. Akamwita mkewe. Akasema atamwambia Generoza leo leo, na ataandika jina langu kwenye ratiba.

Gaudiosi amekaa kitandani, kichwa mikononi, hataki kuzungumza nami. Simwelewi. Mwezi mzima uko mbele! Na nimekichungulia kile kinanda cha kanisani kwetu, hakina ugumu wowote, ni vitufe vyeupe na vyeusi tu, na vyeusi naona watu hawavigusi sana.